UZI: Bomu lilikuwa moja, haki ya kuishtaki Sudan ikawafikia wachache. Je, tunahitaji sheria yetu wenyewe?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Naomba tujadili kwa utulivu upande wa kisheria wa mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu kila mwaka tunaweka mashada ya maua na kusoma majina ya waliofariki, lakini ni mara chache tunaulizana kwa nini baadhi ya wahanga walilipwa fidia na wengine, waliosimama hatua chache tu kutoka kwao, hawakupata hata nafasi ya kusikilizwa na jaji.

Nianze na kanuni yenyewe. Kwa desturi ya sheria za kimataifa, nchi moja haishtakiwi katika mahakama za nchi nyingine bila ridhaa yake. Marekani iliiweka kanuni hiyo katika Sheria ya Kinga za Mataifa ya Kigeni ya mwaka 1976, ikaruhusu vighairi vichache, kama vile biashara. Ugaidi haukuwemo. Familia za watu 270 waliouawa ndege ya abiria ilipolipuliwa kwa bomu juu ya Lockerbie, Uskoti, mnamo Desemba 1988 zilipojaribu kuishtaki Libya, mahakama za Marekani zilizikatalia kwa msingi huohuo wa kinga. Ndipo Aprili 1996, mwaka mmoja baada ya shambulio la bomu la Oklahoma City, Marekani, Bunge la Marekani likapitisha kighairi kipya: nchi iliyomo katika orodha rasmi ya wafadhili wa ugaidi inaweza kushtakiwa ikiwa imetesa, imeua, imeteka nyara au imelipua ndege, au ikiwa imewasaidia wale waliotenda hayo. Kwa miaka ya mwanzo, hata hivyo, kighairi hicho kilimtaka mdai au mhanga awe raia wa Marekani.

Sasa tuje kwetu. Mnamo saa nne na nusu asubuhi ya siku ile, magari mawili yaliyobeba mabomu yalilipuka kwa kupishana dakika chache, moja nyuma ya ubalozi wa Marekani kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie jijini Nairobi, jingine nje ya ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani waliokufa walikuwa 12, wote Nairobi. Wafanyakazi wenyeji wa ubalozi waliouawa Nairobi walikuwa thelathini na kitu. Waliobaki, zaidi ya 160, hawakuwa na uhusiano wowote na serikali ya Marekani: ni wanafunzi wa chuo cha uhazili katika jengo la Ufundi lililoporomoka, wafanyakazi wa jengo la Benki ya Ushirika, abiria waliokuwa ndani ya basi na watu waliokuwa wakipita barabarani. Majeruhi walikuwa maelfu, na wengi walipoteza macho kwa vioo, kwa kuwa walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza cha guruneti, kisha bomu lenyewe likawakuta hapo.

Sudan ilikuwa katika orodha ya wafadhili wa ugaidi tangu Agosti 1993, na ilimhifadhi Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaida, kundi lililofanya mashambulizi haya, hadi mwaka 1996. Kesi dhidi yake zilianza kufunguliwa Washington mwaka 2001. Lakini mlango wa kuingia Wakenya na Watanzania ulifunguliwa na marekebisho ya Januari 2008, yaliyoongeza kwamba mdai anaweza pia kuwa mfanyakazi wa serikali ya Marekani, au mfanyakazi wa kandarasi yake, aliyekuwa kazini siku hiyo, hata kama si raia. Marekebisho hayo yaliruhusu vilevile fidia ya adhabu, yaani ile inayotozwa kumwadhibu mkosaji juu ya kumrudishia mhanga alichopoteza.

Mnamo Novemba 2011, Jaji John Bates wa mahakama ya shirikisho ya Washington aliamua kwamba Sudan na Iran zinawajibika. Kuhusu Sudan, ushahidi ulionyesha kuwa ilitoa mamia ya pasi za kusafiria kwa watu wa al-Qaida, iliwaacha wavuke mpaka kuingia Kenya bila kizuizi, na iliruhusu silaha na fedha kupita ili kuifikia timu yao ya Kenya. Hukumu za fidia zilizofuata mwaka 2014 zilifikia jumla ya takriban dola bilioni 10.2, na kati ya hizo bilioni 4.3 zilikuwa za adhabu. Sudan ikakata rufaa. Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Opati dhidi ya Jamhuri ya Sudan, ilikubali kwa kauli moja, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Neil Gorsuch, kwamba Bunge lilikuwa na uwezo wa kuruhusu fidia ya adhabu hata kwa matendo yaliyotangulia sheria ya 2008, na kwamba lilikuwa limesema hivyo waziwazi.

Ukisoma hadi hapo unaweza kudhani kwamba haki imetendeka. Miezi michache baadaye serikali mbili zilikaa mezani, na hukumu ya bilioni 10.2 ikageuka kuwa malipo ya dola milioni 335 kutoka Khartoum, ili Sudan iondolewe kwenye orodha. Iliondolewa tarehe 14 Desemba 2020, na wiki moja baadaye Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuirudishia Sudan kinga yake, isipokuwa kwa madai yanayohusu Septemba 11. Katika mgawanyo ulioripotiwa wakati ule, familia ya mfanyakazi wa ubalozi aliyeuawa akiwa raia wa Marekani ilitengewa takriban dola milioni 10, na familia ya mfanyakazi aliyeuawa ambaye hakuwa raia ilitengewa takriban dola 800,000. Walifanya kazi ofisi moja, wakauawa na bomu moja.

Na yule aliyekuwa akichapa kwa taipureta katika jengo la jirani? Hakuwa raia, wala hakuwa mwajiriwa, wala hakuwa na kandarasi. Kwa mujibu wa sheria ile hakuwa na kesi. Hili ndilo linalonisumbua, na ndilo ninaloomba tulijadili: haki ya kushtaki ilifuata pasi ya kusafiria na orodha ya mishahara, haikulifuata jeraha. Maoni yangu ni kwamba bunge la nchi ambayo damu yake ilimwagika ndilo lenye wajibu wa kwanza wa kuandika sheria inayomtazama mhanga kama mhanga. Bunge la Marekani liliwaandikia watu wake, na siwezi kulilaumu kwa hilo. Ninachouliza ni kwa nini mabunge yetu hayajaandika.

Mchangiaji, wakili, Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa kuipanga historia vizuri. Nina mashaka mawili, na nitayasema kama mtu anayependa wahanga wapate haki yao.

La kwanza ni sheria ya kimataifa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 3 Februari 2012, katika shauri la Ujerumani dhidi ya Italia, kwamba Italia ilivunja kinga ya Ujerumani kwa kuruhusu raia wake waishtaki kwa ukatili wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba uzito wa kosa peke yake hauiondoi kinga. Mahakama ya Katiba ya Italia ilikataa mwaka 2014 kuutekeleza uamuzi huo, lakini hiyo ni Italia. Halafu mnamo Machi 2023 mahakama hiyohiyo ya The Hague iliona kwamba Marekani ilikiuka baadhi ya wajibu wake wa kimkataba kwa Iran kwa jinsi ilivyoshughulikia mali za makampuni ya Kiiran kulipia hukumu za aina hii, ingawa dai kubwa zaidi, la mali za benki kuu ya Iran, ilisema haina mamlaka nalo. Canada nayo, iliyotunga sheria kama hii mwaka 2012 na kuzilenga Iran na Syria, ilishtakiwa na Iran mwaka 2023. Je, Kenya iko tayari kusimama The Hague?

La pili ni malipizi. Rais Obama alipoipigia kura ya turufu sheria ya mwaka 2016 iliyowafungulia wahanga wa Septemba 11 njia ya kuishtaki Saudi Arabia, hoja yake kuu ilikuwa kwamba nchi nyingine zitajibu kwa kuwashtaki wanajeshi na maofisa wa Marekani. Bunge lilimshinda kwa kura 97 kwa 1 katika Seneti na 348 kwa 77 katika Baraza la Wawakilishi, na ikawa kura yake pekee ya turufu iliyowahi kubatilishwa. Taifa kubwa linaweza kubeba hatari hiyo. Sisi tuna wanajeshi Somalia tangu mwaka 2011. Tukifungua mahakama zetu kwa kesi dhidi ya serikali za kigeni, tutawezaje kulalamika wengine wakifungua za kwao dhidi yetu?

Mwanzisha uzi

Wakili, hoja zako ni nzito na sitazipita kwa haraka.

Kuhusu shauri la Ujerumani na Italia, mahakama ilijifunga yenyewe: ilisema inaamua kuhusu matendo ya majeshi wakati wa vita. Haikuamua kuhusu kifo au jeraha linalosababishwa wakati wa amani ndani ya nchi ambayo mahakama yake inasikiliza kesi. Kwa hali hiyo ya pili, Uingereza tangu sheria yake ya mwaka 1978 hairuhusu kinga pale mtu anapouawa au kujeruhiwa kwa tendo lililofanyika Uingereza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2004 kuhusu kinga za nchi, ingawa haujaanza kutumika, una kifungu cha 12 chenye mwelekeo uleule. Mahakama ya Rufaa ya Kenya nayo, katika shauri la miaka ya 1980 lililoihusu Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ilikubali kwamba kinga ya nchi ya kigeni ina mipaka na kwamba haiyafuniki matendo yote. Kwa hiyo sheria inayosimama juu ya ardhi yetu, inayosema kwamba aliyeumizwa hapa atasikilizwa hapa, ina mizizi imara zaidi kuliko ile ya Marekani inayoifuata bendera hadi Beirut au Khartoum. Ugumu nauona katika jambo moja: kifungu cha 12 kinataka mtenda awe alikuwepo nchini wakati wa tendo, na Sudan ilitoa msaada wake ikiwa Khartoum. Hapo ndipo waandishi wa muswada watalazimika kueleza wazi kwamba aliyewapa wauaji pasi za kusafiria na kuwafungulia mpaka ahesabiwe mshiriki wa tendo lililokamilikia Nairobi.

Kuhusu malipizi, nakubali kwamba hatari ipo. Lakini tazama usawa ulivyokuwa katika jambo hilihili. Tarehe 20 Agosti 1998 Marekani ilijibu mashambulizi yale kwa kukipiga makombora kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum. Mwenye kiwanda alikwenda katika mahakama za Marekani kudai, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema hilo ni suala la kisiasa, mahakama haiwezi kuliamua. Na Wakenya zaidi ya 5,000 walioishtaki serikali ya Marekani yenyewe, wakidai kwamba ilizembea kuwalinda na kuwaonya, walishindwa katika mahakama hiyohiyo mwaka 2003. Hayo yalitokea licha ya kwamba Prudence Bushnell, balozi wa Marekani nchini Kenya wakati ule, alikuwa ameiomba wizara yake mapema iushughulikie udhaifu wa usalama wa jengo lile, lililokuwa karibu mno na barabara. Yaani mpita njia wa Nairobi alifungiwa milango yote miwili, wa kumshtaki aliyemsaidia muuaji na wa kumshtaki mwenye jengo lililolengwa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi nina swali dogo la kiutu. Zile milioni 335 zililipwa na nani? Rais wa Sudan, Omar al-Bashir, aliangushwa Aprili 2019 baada ya maandamano ya wananchi wenyewe, vijana na akina mama waliokesha mbele ya makao makuu ya jeshi. Serikali ya mpito ya Abdalla Hamdok ndiyo iliyokusanya fedha hizo, katika nchi ambayo watu walikuwa wakipanga foleni ya mkate. Waliopindua dhalimu ndio waliolipa deni lake. Naliunga mkono dai la wahanga, na hapa kwetu wote waliokufa walikuwa Waafrika, lakini moyo wangu haujatulia.

Mwanzisha uzi

Dada au kaka, nami moyo wangu haujatulia. Deni la dola halifi kwa kubadilika kwa serikali, hiyo ndiyo kanuni, na bila kanuni hiyo kila utawala ungesubiri mapinduzi ili usamehewe. Lakini ndiyo sababu siipendi sana fidia ya adhabu dhidi ya nchi. Fidia ya matibabu, ya kipato kilichopotea na ya uchungu wa mfiwa inaelezeka kwa Msudani wa kawaida. Adhabu ya mabilioni inamfikia mtu asiyehusika, na kwa kuwa haiwezi kulipwa, inakuwa silaha ya mazungumzo mikononi mwa wanadiplomasia. Hukumu ya bilioni 10.2 ilimsaidia zaidi aliyekuwa akipanga mkataba kuliko aliyekuwa akidai.

Mchangiaji aishiye Marekani

Naongeza jambo moja ambalo wengi huko nyumbani hawalijui. Sheria ya Desemba 2020 ilitenga dola milioni 150 za serikali ya Marekani kwa ajili ya wale waliokuwa wafanyakazi wa kigeni mwaka 1998 lakini baadaye wakapata uraia wa Marekani, ili tofauti kati yao na Wamarekani wa kuzaliwa ipunguzwe. Kwa hiyo watu wawili waliofanya kazi chumba kimoja wanaweza kuwa na fungu tofauti kwa sababu mmoja alihamia huku na mwingine alibaki kumuuguza mzazi.

Pia kuna mfuko wa Marekani wa wahanga wa ugaidi unaofadhiliwa na nchi, ulioanzishwa Desemba 2015 na kujazwa kwa sehemu na faini za makampuni yaliyovunja vikwazo. Benki ya BNP Paribas ya Ufaransa ilikiri kosa mwaka 2014 na kukubali kulipa karibu dola bilioni 8.9 kwa kupitisha fedha za Sudan, Iran na Cuba. Wenye hukumu dhidi ya Iran wanaweza kuomba huko. Lakini sharti ni lilelile: uwe na hukumu ya mwisho ya mahakama ya Marekani. Asiyeruhusiwa kushtaki hawezi kuwa na hukumu, na asiye na hukumu hana mfuko.

Mchangiaji, Nakuru

Wakuu, mnajadili Sudan na Iran, lakini aliyetuua Westgate mwaka 2013, watu 67, na Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, ni al-Shabaab, ambao hawana nchi, hawana ubalozi, na fedha zao hazikai benki ya New York. Sheria ya kuishtaki serikali ya kigeni itamsaidiaje mzazi wa Garissa? Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 tayari inautaja mfuko wa kuwafidia wahanga. Tuanze na huo. Mama aliyempoteza mwanawe hatafuti ushindi The Hague, anatafuta karo ya waliobaki.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Nakuru, umeweka kidole mahali penyewe. Mfuko ni wa lazima na uje kwanza, kwa sababu haumuulizi mhanga ni nani aliyemlipua wala kama mlipuaji ana mali. Seneti ya Kenya iliunda kamati maalum kuhusu fidia ya Wakenya walioathiriwa mwaka 1998, na madai mengi yaliyofika mbele yake yalikuwa ya matibabu: vipande vya vioo ambavyo bado vimo mwilini, macho bandia, viungo bandia, dawa za kila siku. Mambo hayo hayasubiri kesi ya miaka ishirini.

Lakini mfuko usiokuwa na haki ya kushtaki una upungufu wake. Unamfanya mhanga kuwa mwombaji, na hautoi hukumu inayosema kwa maandishi nani alifanya nini. Mambo yale ya pasi za kusafiria na mpaka uliofunguliwa tunayajua leo kwa sababu jaji mmoja alisikiliza ushahidi kwa siku kadhaa ingawa mshtakiwa hakufika, na sheria ilimkataza kutoa hukumu ya upande mmoja bila ushahidi wa kumridhisha. Kumbukumbu hiyo iliandikwa Washington. Ingeweza kuandikwa katika mahakama zetu, Milimani jijini Nairobi au Kisutu jijini Dar es Salaam.

Nikiulizwa muswada uwe na nini, nasema hivi. Haki ya kushtaki iwe ya kila aliyeumizwa ndani ya nchi, awe Mkenya, Mtanzania, Msomali au Mmarekani, na ya mwenza, mzazi na mtoto wa aliyeuawa bila kujali uraia wao. Katika sheria ya Marekani hata baada ya 2008, ndugu wa mfanyakazi wasiokuwa raia hawakupewa haki ya moja kwa moja ya kudai. Walilazimika kupitia sheria za mtaa za Washington, na suala hilo peke yake lilichukua miaka ya mabishano. Nchi ya kushtakiwa isichaguliwe kwa orodha inayotungwa na serikali, kwa sababu orodha ni ya kisiasa na Sudan iliingia na kutoka humo kwa hesabu za kisiasa. Jaji ndiye apime ushahidi wa msaada wa makusudi. Fidia ya adhabu isiwepo. Katika kukazia hukumu, mali za kibalozi na za benki kuu zisiguswe, ila mali za kibiashara za nchi husika ziweze kuzuiwa. Na serikali ikitaka kupatana na nchi iliyoshindwa, ipatane, lakini mkataba upelekwe bungeni pamoja na jedwali la malipo, na jedwali hilo lisiruhusiwe kutofautisha wahanga kwa uraia wala kwa mwajiri.

Mchangiaji, wakili, Mombasa

Hapo kwenye jedwali nakuunga mkono kikamilifu. Naongeza ukomo wa muda. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashauri huipa kesi ya madhara miaka mitatu tu. Ukiandika muswada mzuri namna hiyo na ukasahau kifungu cha kuwafungulia mlango wa 1998, kama Marekani ilivyofanya mwaka 2008 ilipowapa muda mpya waliokuwa na kesi za zamani, utakuwa umewaandikia wahanga wa kesho peke yao. Kifungu hicho kitapingwa kwa hoja kwamba sheria hairudi nyuma. Jibu lake lipo katika shauri la Opati ulilolitaja: bunge likisema waziwazi kwamba sheria inagusa yaliyopita, na kama ni kesi ya madai isiyokuwa ya jinai, mahakama ina msingi wa kuikubali. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini inaweza kusomwa mbele yao, na wadai walioileta walikuwa watu wetu.